Toroli ya Chai na Mikono ya Njeri

Kuna siku naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu: siku shangazi yetu, Tata Nyokabi, alipoikalia toroli mbele ya watu. Aliinua sketi kidogo, akageuka, akajitupa juu yake kama anayekalia gunia la viazi, na toroli ikalia nyiii! Sisi vijana tulicheka mpaka tukashika mbavu. Leo kile kicheko nakijutia.

Nakuandikia haya kwa sababu ya ile picha uliyonionyesha Jumapili kwenye simu. Uliniambia umepata tanuru lako dogo la kuyeyusha kioo, liko pale kwa nyumba unayopanga mtaa wa Kahawa Sukari, na sasa unatafuta toroli ya kuliweka juu, uwe unalisukuma likimaliza kazi. Ukanionyesha toroli nyeupe, miguu myembamba kama ya korongo, magurudumu madogo kama vifungo vya koti. Ukaniuliza, "Shosho, si ni smart?" Mimi nyanya yako nikanyamaza, nikaomba chai. Ukadhani sijaona vizuri, ukaikuza ile picha. Niliona, mwanangu. Niliiona tangu ilipokuwa ndogo. Nilinyamaza kwa sababu ya mikono ya dada yangu Njeri, na hayo si maneno ya kumwambia mtu ambaye bado ana mkate mdomoni.

Sasa nimeyaandika. Mwandiko usiuangalie, shule mimi niliionja tu kama mtu anavyoonja chumvi. Na nikipotea njiani nikaongea mambo ya kuku, nivumilie, nitarudi. Mzee ni kama ng'ombe anayekwenda mtoni: anasimama kula nyasi kila mahali, lakini mto anaujua.

Tulikuwa tunakaa Ruiru, upande wa mashamba ya kahawa, wakati huo kahawa ikiwa bado kahawa, si hizi ploti. Baba alikuwa mpishi wa mama mmoja mzungu aliyekuwa akifundisha wanawake kazi za mikono. Mama huyo alipofunga safari ya kurudi kwao aligawa vitu vyake. Dereva akapata kitanda, mtu wa bustani akapata viti, na sisi tukapata tanuru. Majirani walitucheka sana. Walisema, "Mpishi amepewa jiko lisilopika." Baba aliona aibu, lakini Njeri alifurahi kuliko kama tungepewa ng'ombe, kwa sababu yeye alikuwa akimsaidia yule mama na kazi aliijua. Alikuwa anaokota chupa zilizovunjika, za kijani, za kahawia, anaziosha, anazipondaponda, anazipanga kwa mkono mwepesi kama anayechagua mchele, halafu anazitia ndani. Zinatoka shanga. Zinatoka visahani vidogo ambavyo ukiviinua juani vinaweka rangi ukutani. Mikono ya Njeri, mwanangu! Ilikuwa mirefu na mizuri. Hata akimenya viazi ulikuwa unaweza kusimama kumtazama.

Tanuru lenyewe lilikuwa la stima, fupi, pana, mlango wake uko upande wa mbele. Kwa macho ungesema ni kitu cha kubebwa na mtu mmoja. Lakini ndani limejengwa kwa matofali ya kuzuia moto, na kulihamisha Baba alikuwa anaita wanaume wa jirani. Halafu lina tabia moja ambayo wewe unaijua kuliko mimi, ila nitaisema. Moto wake hauonekani. Jiko la makaa linakuonya, linatoa moshi, linatoa cheche. Tanuru linakaa kimya kama mkwe mgeni, na ndani yake kioo kinatiririka kama asali. Ukishazima stima bado hujamaliza. Unaliacha limefungwa lipoe pole pole mpaka kesho, kwa sababu kioo hakipendi kushtuliwa, ukikishtua kinapasuka. Babu yako naye alikuwa hivyo hivyo. Akitoka kazini humwambii neno mpaka akae, anywe uji, apoe. Lakini hayo tuyaache.

Tanuru lilikaa varandani juu ya mawe. Shida ni kwamba varanda ndiyo ilikuwa sebule yetu ya wageni, na mvua ikija na upepo ilikuwa inalilowesha. Ndipo kaka yetu Kamau, kifungua mimba, akasema atatafuta toroli. Akaenda Thika, kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vya hoteli iliyofungwa, akarudi na toroli ya chai. Ile ya kuwapelekea wageni chai na keki. Vyuma vyake viling'aa ungeweza kujichania nywele ndani yake. Watu walitoka kwenye nyumba kuiangalia.

Tata Nyokabi, dada mkubwa wa Baba, alikuwa amekuja kututembelea. Aliizunguka ile toroli polepole, mikono nyuma.

"Kamau," akasema, "hii umenunua ama umeoa?"

"Tata, hii ni ya hoteli kubwa."

"Hotelini ilikuwa inabeba nini?"

"Chai."

"Na lile sanduku la dada yako linapika chai?"

Watu wakaanza kucheka, na Kamau akavimba. Ndipo Tata alipoikalia. Akamwambia, "Haya, nisukume unipeleke mpaka kwa choo." Kamau akasukuma. Toroli ikayumba kulia, ikayumba kushoto, gurudumu moja halikuwa likigusa chini, lilizunguka tu hewani kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Ilipofika kwenye ufa wa sementi ikakwama ghafla na Tata akaruka chini kabla haijamtupa.

Akajipangusa. Akasema, na hapo hakuwa anacheka, "Mimi ni mwanamke mwembamba na sina moto tumboni. Imenifanya hivi. Kitu cha kubeba moto hakichaguliwi kwa macho, Kamau. Kinachaguliwa kwa makalio."

Lo, tulicheka! Kamau akamjibu, "Tata, wewe ulizoea kubeba kuni mgongoni. Siku hizi kuna magurudumu."

"Ni kweli," Tata akasema. "Lakini mgongo wangu haujawahi kupinduka."

Katika wote waliokuwa pale ni mtu mmoja tu hakucheka, naye ni Njeri. Aliinama akaangalia ile miguu, akaitikisa kwa kidole. Akasema, "Kamau, tuliache tanuru kwa mawe mpaka tupate nyingine." Lakini Kamau ndiye mkubwa, na toroli imeshaonekana na watu, na Baba akasema kijana amejitahidi asivunjwe moyo. Basi tanuru likapandishwa, wanaume wakihema. Njeri akatia bati chini yake, akalifunga kwa waya, akaweka sharti lake moja. Akasema, "Lisisukumwe likiwa na moto. Hata kukinyesha, lisisukumwe." Tukamwambia sawa. Na lilikaa vizuri juu ya ile toroli, siku nyingi, kila mtu akasahau. Kitu kibovu, mwanangu, hakikuui siku unapokinunua. Kinangoja ukizoee.

Sasa huyo Njeri alikuwa amepata mchumba, kijana wa Ngoliba, mtu mpole, mkulima. Kule kwao ni kukavu, maji yanabebwa kutoka mbali. Mama yake alikuja mara moja kutuona kabla ya mambo kuanza, akaziona zile shanga za kijani, akaishika moja akaielekeza kwa jua. Akasema, "Sijawahi kuvaa kitu ambacho mwanga unapita ndani yake." Alisema tu hivyo, akairudisha. Lakini Njeri alilisikia hilo neno, akaamua kwamba siku ya ruracio, siku wakwe wanapoleta wanyama wao wa kwanza, huyo mama ataondoka kwetu na shanga shingoni.

Alipanga aziyeyushe mapema zipoe vizuri. Stima ikapotea. Unajua stima, haina adabu hata leo. Ilipotea, ikakaa huko ilikokaa, ikarudi asubuhi ya siku yenyewe. Njeri akafikiri kidogo, akasema bado kuna nafasi: ataziyeyusha sasa, azime, tanuru likae pale pale kwenye kona limefunikwa, viti vipangwe upande ule mwingine, na shanga atazituma Ngoliba kesho yake zikiwa zimepoa. Mpango ulikuwa mzuri. Na tena wageni wa ruracio wote wanajulikana, huwa wanachelewa. Mtu akiwaambia saa nne, wewe anza kuchinja saa saba.

Hawa wa Ngoliba wakaja mapema. Waliogopa jua litawachosha wanyama njiani. Ni watu wazuri tu, waliowahurumia wanyama.

Wewe umeshaona ruracio za siku hizi, na mahema na viti vya kukodisha. Lakini lile la langoni bado liko. Wageni hawaingii tu kama kuku. Wanawake wa kwetu wanafunga lango, wanaimba ndani, wanawake wa upande wa pili wanajibu nje, wanataniana, mpaka wenye lango waridhike wafungue. Tata Nyokabi ndiye aliyekuwa anaongoza nyimbo zetu. Hapo ndipo naumia kila siku, kwamba mtu pekee ambaye angesema hapana alikuwa langoni akiimba.

Baba akatoka ndani na koti lake, akaangalia varanda. Wageni walikuwa wengi kuliko tulivyodhani. Akamwambia Njeri, "Hilo sanduku litoke hapo. Wazee watakaa wapi?"

"Baba, lina moto."

"Moto gani? Si umezima stima?"

"Nimezima, lakini..."

"Basi limezimwa. Lisukumeni nyuma ya nyumba kabla lango halijafunguliwa. Mnataka watu waseme nimewakalisha karibu na mashine kama wafanyakazi?"

Njeri akamtazama Kamau. Kamau akasema, "Ni pale tu nyuma, tutaenda polepole." Na siku kama ile msichana hashindani na baba yake. Wewe ungeshindana, najua, kizazi chenu kina mdomo, na kwa jambo hili nasema Mungu awazidishie mdomo.

Basi Kamau akashika nyuma akisukuma. Njeri akatangulia mbele, anarudi kinyumenyume, amekunja kitambaa mkononi anaielekeza. Mimi nilibeba waya wa stima usiburutwe. Kutoka varandani kwenda uani kulikuwa na mteremko mfupi wa sementi, Baba aliujenga kwa sababu ya wilbaro. Chini ya mteremko kuna kamtaro ka maji ya mvua, kembamba, hata mguu wa mtu hauingii. Gurudumu la wilbaro linakapita bila kujua kapo. Gurudumu la toroli ya chai liliingia ndani yake kama limekatiwa saizi.

Toroli ikasimama, tanuru likaendelea. Mguu mmoja wa mbele ukajikunja kama wa ndama aliyezaliwa leo, ule waya wa Njeri ukakatika, na tanuru lote likamwegemea.

Nafasi ya kuruka ilikuwepo. Nimerudi pale kichwani maisha yangu yote na nafasi ninaiona, kulia kwake, pana kabisa. Angeliacha lianguke. Lakini mikono haina akili, mwanangu. Mikono ikiona kitu kinaanguka inadaka. Sufuria ikianguka inadaka, kisu kikianguka inadaka, mtoto wa mtu akianguka inadaka, haiulizi. Na ndani ya lile tanuru kulikuwa na shanga za mama mkwe wake. Njeri alilidaka. Kwa mikono yote miwili. Na mlango ukafunguka.

Nilichoona sitakiandika. Nitakwambia nilichosikia. Wakati ule ule lango lilifunguliwa, na wanawake wote, wetu na wao, wakapiga vigelegele kwa pamoja. Njeri alipiga mayowe, na vigelegele vikayafunika. Watu walikuwa hatua chache kutoka pale na hawakusikia. Waliingia wakicheza, wamepamba wanyama kwa majani, wakitabasamu, mpaka walipoizunguka kona ya nyumba. Nyimbo zilikatika moja moja. Wa nyuma waliendelea kuimba muda kidogo kwa sababu hawakuona.

Aliyemfikia kwanza ni yule mama wa Ngoliba. Alimshika akamvuta mpaka kwa pipa letu la maji, akawa anamwagia mikono, anachota anamwaga, anachota anamwaga. Mwanamke ambaye kwao tone la maji lina hesabu, alilimaliza pipa letu zima uani na akaitisha lingine. Sijawahi kumsahau kwa hilo, hata pamoja na yaliyofuata.

Njeri akapelekwa hospitali Thika, akakaa kule mvua ikaja ikaisha. Tata Nyokabi ndiye aliyekuwa akienda kumlisha. Sisi tulingoja aseme lile neno ambalo wazee hulipenda, "Si niliwaambia." Hakulisema hata mara moja. Jambo alilosema ni moja tu, alimwambia Baba, tukiwa tumekaa sote jioni ya kwanza. "Ndugu yangu," akasema, "wageni wangekaa kwa nyasi. Nyasi zilikuwepo." Basi. Baba aliinamisha kichwa, na nikwambie ukweli, sidhani alikiinua tena vizuri mpaka tulipomzika.

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi na huo msemo tuna kesi. Kamau hakusikia, Baba hakusikia, mimi nilicheka. Aliyesikia la mkuu ni Njeri peke yake, na aliyeungua ni yeye. Hivyo ndivyo dunia ilivyo mara nyingi, mwanangu, na ndiyo sababu usichague kitu ukihesabu hatari yako peke yako.

Alirudi nyumbani mikono imepona lakini imefunga. Vidole vimekunjwa ndani, ngozi imevuta, kama mtu aliyeshika kitu akakataa kukiachilia. Kijana wa Ngoliba alikuwa amekuja hospitali mwanzoni, akikaa kando ya kitanda anaangalia kofia yake. Halafu akaja mara chache. Halafu hakuja. Nasikia wajomba wake walimkalisha wakamuuliza ni nani atachota maji. Hawakutuma mtu kusema hapana. Wangesema hapana ingekuwa heri.

Maana waliacha wanyama wao. Katika ile fujo, kondoo jike mchanga na mbuzi jike mchanga, wale wa kwanza ambao kwa desturi yetu ndio wanaosema msichana huyu ana mwenyewe, walifungwa kwa mti na hakuna aliyewakumbuka. Wakabaki kwetu. Baba hangeweza kuwachinja, kwa sababu kuwala ni kukubali, na kukubali nini wakati wenyewe hawaji? Kuwarudisha hangeweza, kwa sababu kurudisha ni kuwaambia watu ya kwamba sisi ndio tumemkataa kijana, na Njeri hakuwa amemkataa. Basi wakakaa. Kila asubuhi wanalia wapewe nyasi, na kila mtu kwa boma anajua wanalilia nini. Walizeeka kwetu, mwanangu. Kondoo alikufa kwanza. Njeri ndiye aliyekuwa akiwalisha, hakuruhusu mtu mwingine.

Na hapo ndipo toroli ya pili inapoingia. Wiki aliyorudi Njeri, Tata alimchukua Kamau wakaenda Thika kwa fundi wa jua kali, mchomelea vyuma. Niliwafuata. Fundi akauliza, "Mama, ni ya kubeba nini?" Tata akamwangalia Kamau ajibu. Kamau akageuka akaangalia barabara. Tata akasema, "Tengeneza kama ni ya kubeba nyumba." Akasimama pale mpaka jioni. Kila kiungo kilichochomelewa alikigonga kwa nyundo. Ilipokwisha akaikalia, halafu akamwita fundi akae kando yake, halafu akamwambia Kamau naye apande, watu watatu wazima juu ya toroli wakitikisika makusudi, na haikulia hata nyi. Hakuna aliyecheka.

Nilidhani ni ya tanuru. Lakini tanuru halikuwashwa tena, lilikaa nyuma ya nyumba kuku wakawa wanatagia ndani. Toroli ilikuwa ya Njeri. Vidole havikuweza kushika mpini, basi akaniomba niuzungushie tyubu ya baiskeli, tabaka juu ya tabaka, apate kusukuma kwa mikono ya mbele, hapa chini ya kiwiko, bila kuteleza. Akawa anabebea nyasi za wale wanyama wawili. Akawa anabebea majirani maji. Alilea watoto wangu na hiyo toroli, mama yako akiwemo, anawapandisha juu anawasukuma, yeye ambaye hakupata wake. Alikuwa anacheka pia, usidhani alikuwa mtu wa kulia. Ila shanga hakuzitaja. Nilimuuliza siku moja kama anazikumbuka, akasema, "Zilikuwa zimetoka vizuri. Niliziona mlango ulipofunguka." Alikufa kabla hujazaliwa. Tulipomwosha nilijaribu kuifungua ile mikono, nikashindwa, tukamzika imefunga. Kamau mpaka leo akija hapa Ngoingwa kunisalimu hapiti ule upande wa nyumba toroli iliko.

Wakikuyu husema mwerevu ni aliyeshauriwa. Sasa nisikilize, nakushauri.

Usichague toroli kwa kung'aa. Kizuri hakikosi ila, na ila ya hii utaijua siku ambayo huwezi kuirudisha dukani. Tafuta ya chuma kizito, si mbao wala plastiki. Iwe fupi na pana, upana wake uzidi wa tanuru pande zote, maana kirefu chembamba kilichobebeshwa kichwani kinataka sababu tu ya kuanguka. Juu iwe na ukingo ulioinuka ili tanuru lisiteleze, na hata hivyo lifunge kwa nati. Magurudumu yawe makubwa, yote manne yagusane na sakafu, yawe na breki za kukanyaga, na breki zikae zimekanyagwa siku zote ila ile siku ya kuhama. Kabla ya kununua angalia kwanza sakafu yako mwenyewe, kila ufa, kila kizingiti, kila kamtaro, kwa sababu toroli inaolewa na sakafu, haiolewi na duka. Halafu ikalie. Usione haya. Mwite rafiki mwenye mwili mkalie pamoja, mjitikise. Ikilia, iache hapo hapo.

Na hata ukipata iliyo bora kuliko zote, tanuru lenye moto usilisukume. Lililozimwa si lililopoa. Hayo ni mambo mawili, na katikati yake ndipo dada yangu alipopotelea. Mgeni akija, awe mkwe, awe askofu, awe mimi, mwambie akae kwa nyasi. Na likianza kuanguka, mwanangu, liache. Jifundishe leo, ukiwa umetulia, useme kwa sauti: likianguka nitaliacha. Ifundishe mikono yako mapema, kwa sababu siku hiyo haitakuuliza. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mjukuu ninayemtaka mimi ni wewe, huyo mwingine asije.

Ile nyeupe ya kwenye simu iache. Toroli ya Tata Nyokabi iko hapa nyuma ya nyumba, nimeifunika kwa gunia. Haina kutu ila kidogo kwenye ekseli. Mwambie fundi aitie breki na magurudumu mapya, vyuma vingine vyote vitadumu kuliko wewe. Ile tyubu kwenye mpini usiitoe. Imelika mahali pawili, na ukiweka mikono yako hapo utaona ni wapi ya Njeri ilikuwa inakaa.

Ukija kuichukua njoo mchana, kabla ya chai, nikubariki vile wazee walivyotubariki sisi. Utanyoosha viganja, nitavitemea mate kidogo, usikunje uso. Nitasema hivi, na nakutumia kwa karatasi iwapo Mungu ataniita kabla hujafika: mikono yako ifanye kazi nzuri na kazi hiyo ipate wa kuivaa. Ipate wa kushika na wa kuishika. Moto uitambue uipite. Na siku watakapokuosha, ukiwa mzee kuliko mimi, wakute viganja viko wazi.